Kifua kilichopigwa hakivuji damu nje: Goma iache kuita uzembe mapenzi ya Mungu

GOMA, Kivu Kaskazini. Katika mji huu kuna vifo ambavyo haviulizwi swali. Mtu anagongwa na Fuso kwenye barabara ya Sake, au anatupwa na moto juu ya mawe ya volkano, au ushikio wa chukudu unamgonga kifuani akishuka na mzigo kutoka Kibumba. Anainuka, anajipangusa vumbi. Hana hata tone la damu. Anapelekwa nyumbani, anakandwa kwa maji ya moto, anapewa kidonge cha maumivu, analala. Usiku wa pili anaanza kutafuta hewa, anageuka baridi, anakata roho kabla ya jua kutoka.

Kwenye kilio, mmoja anasema ni mapenzi ya Mungu. Wa pili anasema ni karuho, mtu amewekewa sumu. Wa tatu anaanza kumtazama vibaya jirani aliyemletea chai. Maswali yanayofaa hayatoki mdomoni mwa yeyote: nani alimpima presha kwenye mikono yote miwili? Nani alimpiga picha ya kifua? Nani alimwambia arudi nyumbani, na kwa nini? Kama familia haikufika hospitali, ilizuiwa na nini?

Kitu kinachoua namna hiyo kina jina, na dunia inakijua tangu zamani: ni kuchanika kwa mshipa mkubwa wa damu ndani ya kifua, bila jeraha la nje. Si uchawi. Si ugonjwa wa Wazungu. Na sehemu kubwa ya wanaokufa nao baada ya kufika mikononi mwa watu wa afya hawakupaswa kufa.

Mshipa unachanika namna gani

Mshipa mkubwa kuliko yote mwilini unaitwa aota. Unatoka juu ya moyo, unapinda kama mpini wa mwavuli, kisha unateremka ukiwa umeshikamana na uti wa mgongo. Moyo na ile sehemu iliyopinda vinaning'inia, vinaweza kucheza. Sehemu inayoteremka haichezi, imefungwa mgongoni.

Kila aliyesukuma chukudu atafahamu mara moja. Gunia la viazi limefungwa kwa kamba nyuma ya mbao. Chukudu inashuka mbio, gurudumu linagonga jiwe, chukudu inasimama ghafla. Gunia halisimami, linaendelea mbele. Kamba inavutwa na inakatika pale pale ilipofungwa. Ndivyo ilivyo kwa aota. Gari likisimama ghafla au mtu akianguka kutoka juu ya mzigo, mwili unasimama, moyo uliojaa damu unaendelea mbele, na mshipa unachanika pale unapoanza kushikamana na mgongo, kidogo tu baada ya tawi linaloenda mkono wa kushoto. Ndipo madaktari wanapoukuta umechanika mara nyingi kuliko mahali pengine.

Ukuta wa mshipa huo una tabaka tatu. Zikichanika zote, mtu anamwaga damu yake yote ndani ya kifua kwa dakika chache na hakuna daktari anayemwahi. Lakini mara nyingine tabaka za ndani zinachanika na ile ya nje inabaki imeshika. Ni kama tairi la moto lililopasuka ndani na ngozi ya nje bado imezuia: linavimba, linatoa nundu, na motari anaweza kufanya safari mbili tatu kabla halijalipuka. Mtu wa namna hiyo anaongea, anatembea, anaomba chakula. Familia inashukuru Mungu. Na kila mara presha yake inapopanda, ile ngozi moja iliyobaki inavutwa zaidi.

Aota si peke yake. Mishipa inayopanda kwenda shingoni na mikononi inaweza kuchanika, na ile inayounganisha moyo na mapafu pia. Diana, aliyekuwa mke wa Charles wa Uingereza, alikufa Paris tarehe 31 Agosti 1997 kwa sababu mshipa unaoleta damu kutoka pafu kwenda moyoni ulichanika gari lake lilipogonga nguzo ya barabara ya chini ya ardhi. Madaktari wa moja ya hospitali kubwa za Ufaransa walimfungua kifua, wakaushona mshipa, na bado alikufa. Hakuwa amefunga mkanda wa gari.

Hesabu mbili zinazochanganywa

Kila mara jambo hili linapotajwa, jibu la kwanza ni lile lile: "Hata Ulaya wanakufa. Hata Diana alikufa. Goma itafanya nini?" Jibu hilo linasikika kama hekima, lakini ni maficho. Linachanganya hesabu mbili tofauti ili wahusika wote waponyoke.

Hesabu ya kwanza ni ya wale wanaokufa palepale barabarani. Wako wengi. Uchunguzi wa maiti uliotangazwa Marekani mwaka 1958, ambao madaktari wanautaja hadi leo, ulionyesha kwamba watu zaidi ya nane katika kumi wenye aota iliyochanika hawakufika hospitali wakiwa hai. Hao hawaokolewi na hospitali yoyote. Wanaokolewa kabla ya ajali, kwa mkanda, kwa breki, kwa mwendo mdogo, kwa kukataza watu kukaa juu ya mzigo. Deni lao liko kwa wenye barabara na wenye magari.

Hesabu ya pili ni ya wale wanaofika wakipumua. Ni wachache, lakini hao tayari wameponyoka kile kilichoua wengine. Miili yao imewapa muda: saa chache, siku, mara nyingine zaidi. Hatari kubwa zaidi iko katika saa 24 za kwanza. Hao wakifa kwa kukosa kupimwa, kwa kukosa damu, au kwa kusubiri shemeji alete dola za malipo ya mbele, kuwazika kwa maneno ya hesabu ya kwanza ni uongo. Deni lao liko kwa hospitali, kwa wenye mamlaka, na kwa mashirika yanayochagua nani atibiwe bure.

Diana anafundisha upande wa kwanza. Hafundishi kwamba upande wa pili hauna maana.

Kazi ambayo haihitaji mashine ya mamilioni

Maficho ya pili ni kusema kwamba bila daktari bingwa wa moyo na bila mashine kubwa hakuna la kufanya. Si kweli, na kila muuguzi wa zamu ya usiku angepaswa kuweza kumjibu mtu anayesema hivyo.

La kwanza ni kushuku. Mshipa uliochanika mara nyingi hautoi dalili yoyote, ndiyo maana kinachohesabika kwanza ni namna ajali ilivyotokea. Mtu aliyetupwa kutoka garini, aliyegongwa akitembea, aliyeanguka kutoka juu ya lori, aliyepigwa na usukani au na ushikio wa moto kifuani, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu anaongea vizuri. Akilalamika maumivu kati ya mabega ya mgongoni, sauti ikikauka ghafla, pumzi ikiwa fupi, miguu ikiwa dhaifu, au mapigo ya mkono mmoja yakiwa tofauti na ya mwingine, hapo hakuna tena mjadala. Kupima presha mikono yote miwili na kugusa mapigo ya miguu kunachukua dakika tano. Kifaa kipo hata katika kituo kidogo cha afya.

La pili ni picha ya kifua. Picha ya kawaida inaweza kuonyesha kivuli cha katikati ya kifua kimepanuka kupita kipimo, duara la aota limefutika, koo la hewa limesukumwa kuelekea kulia, au damu imejaa upande wa kushoto. Haitoshi: kuna watu wenye picha nzuri na mshipa umechanika. Kipimo cha kuaminika ni skana pamoja na dawa ya kung'arisha mishipa. Lakini swali la Goma si tu kama skana ipo mahali fulani mjini. Swali ni hili: saa nane za usiku, mama aliyekimbia vita kutoka Masisi, asiye na dola hata moja, je, atapita ndani yake kabla ya asubuhi? Mashine isiyofikiwa na maskini usiku ni pambo.

La tatu ni kutuliza presha. Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kwa mgonjwa ambaye mshipa wake umechanika lakini bado umeshika, tiba ya kwanza si kisu. Ni dawa za kupunguza kasi ya moyo na presha, za familia ya propranololi na labetaloli, kumwondolea maumivu, na kumlaza kwa utulivu chini ya macho ya muuguzi. Madaktari hulenga presha ya juu isizidi 100 hadi 120. Mwaka 2015 chama kimoja cha madaktari wa majeruhi cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri, kwa wagonjwa wengi wa namna hii, kutokukimbilia kuushona mshipa, bali kushughulikia kwanza majeraha mengine yanayoua haraka huku presha ikishikwa chini. Mipasuko midogo ya tabaka la ndani inaweza kupona bila upasuaji wowote. Dawa hizo si siri ya Paris. Lakini kuzitoa ni kazi ya daktari, kwa sababu mtu ambaye bado anamwaga damu tumboni, au aliyeumia kichwa, anaweza kudhurika presha ikishushwa ovyo. Familia isimpe majeruhi kidonge cha presha cha bibi.

La nne ni kuacha imani ya serumu. Katika vituo vingi mgonjwa wa ajali anatundikiwa chupa juu ya chupa, na familia inaona kwamba sasa anatibiwa. Kwa mtu anayemwaga damu ndani, serumu nyingi inafanya damu iwe nyepesi, inaizuia kuganda, na inapandisha presha kwenye mshipa uliochoka. Anayepoteza damu anahitaji damu.

La tano ni bomba la kifua. Damu ikijaa kati ya pafu na mbavu, bomba linaitoa na pafu linafunguka. Likitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja, au likiendelea kumwaga kila saa, huyo ni mtu wa chumba cha upasuaji, si wa kungoja zamu ya asubuhi. Katika majeruhi wa kifua, walio wengi hawahitaji kufunguliwa kifua hata kidogo. Bomba, oksijeni na dawa ya maumivu vinatosha.

La sita ni dawa ya kusaidia damu kuganda, asidi ya traneksamiki. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya ajali. Baada ya saa tatu inaweza kuleta madhara. Ni dawa ya bei ndogo, iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Saa tatu! Huo ndio muda ambao familia nyingi za pembeni ya mji zinautumia kutafuta usafiri na kuhesabu franka.

Hakuna hata moja kati ya haya sita linalohitaji ndege kutoka Ulaya.

Risasi inatibiwa bure, Fuso inalipiwa

Goma inajua kutibu majeruhi. Jambo hilo lisemwe kwa heshima. Hospitali ya CBCA Ndosho, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR), imepasua watu wa risasi na mabomu kwa miaka mingi. Januari na Februari 2025, vita vilipoingia mjini, majeruhi walijaa hadi nje ya vyumba, na wauguzi wa mji huu walifanya kazi mchana na usiku. HEAL Africa, Virunga, Kyeshero na hospitali ya mkoa nazo zilibeba mzigo wao. Watu walioweza kufanya hayo hawakosi mikono wala akili za kumpima aliyepigwa kifua.

Wanachokosa ni mpango unaomtambua. Majeruhi wa silaha ana mfadhili: anatibiwa bure, anapewa damu, anapewa chakula. Majeruhi wa barabara hana mfadhili. Watu wawili wanaweza kulazwa siku moja, mmoja ana risasi pajani, mwingine amegongwa na gari akikimbia risasi hizo hizo, na wa pili ndiye anayeulizwa nani atalipa. Je, mama aliyeanguka kutoka juu ya lori akirudi kijijini, Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa na watu wakafunga mizigo kwa siku chache, huyo si majeruhi wa vita? Alipanda juu ya magodoro kwa kupenda?

Malipo ya mbele ndiyo ugonjwa mkubwa kuliko mshipa wenyewe. Katika nchi nzima watu wanafahamu mgonjwa anayesubiri mlangoni hadi pesa ifike, na aliyepona anayezuiwa kutoka hadi deni liishe. Baada ya benki za Goma kufunga milango mwishoni mwa Januari 2025, hata aliyekuwa na akiba hakuweza kuitoa. Kumwomba mtu huyo pesa taslimu usiku wa ajali ni kumhukumu.

Hospitali zitajibu kwamba nazo zinanunua dawa, zinalipa mafuta ya jenereta, na wauguzi wana watoto. Ni kweli kabisa. Hospitali isiyolipwa inafunga. Ndiyo maana deni hili lisiachiwe mhasibu wa hospitali na familia wagombane mlangoni. Sheria ya Kongo inalazimisha tangu mwaka 1973 kila mwenye gari awe na bima ya kumlipa anayeumizwa, na kanuni ya barabara ya mwaka 1978 bado ipo kwenye vitabu. Wenye magari na wamotari wanatozwa karatasi kila kona. Pesa hiyo inafika lini kwenye kitanda cha aliyegongwa? Mamlaka yoyote inayochukua pesa ya barabara, bila kujali bendera yake, inachukua pia deni la wanaoumia barabarani. Haiwezi kula tunda na kuukana mti.

Kigali iko karibu na iko mbali

Kuna wagonjwa ambao dawa na bomba havitoshi. Mshipa umevimba nundu, au unavuja, na lazima uzibwe. Zamani njia ilikuwa moja: kufungua ubavu wa kushoto, kuubana mshipa na kuushona, na hatari yake ilikuwa kubwa, pamoja na miguu kupooza. Leo njia inayopendelewa ni kupitisha kwenye mshipa wa paja bomba la kitambaa lenye waya, linalopelekwa hadi pale palipochanika na kufunguliwa kwa ndani. Aliyetangulia kulifanya kwa mtu aliyeharibika aota kwa ajali ni daktari Nikolai Volodos, mjini Kharkiv, mwaka 1987. Kharkiv haikuwa London wala Paris. Ulikuwa mji wa kawaida wa Kisovieti, na leo ni mji wa Ukraine unaopigwa mabomu. Tiba hiyo ina umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Goma haihitaji kuahidiwa kituo cha namna hiyo kesho. Ahadi za namna hiyo zinajaza hotuba tu. Kinachohitajika ni njia ya kumfikisha mgonjwa mahali upasuaji wa moyo na kifua unapofanyika. Kigali, yenye hospitali ya King Faisal, iko saa tatu au nne kwa gari. Kampala ina taasisi yake ya moyo, Dar es Salaam ina taasisi ya Jakaya Kikwete. Lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, na mpaka wa Gisenyi una saa zake, karatasi zake na maswali yake. Mgonjwa ambaye presha yake inashikwa kwa uzi hawezi kupangwa foleni pamoja na wauza nyanya.

Hapa wanasiasa wa pande zote wanajificha nyuma ya vita. Kila upande unasema mwingine ndiye amefunga njia. Lakini wakubwa wakiugua, njia inapatikana. Mizigo inayolipiwa inavuka. Mgonjwa mwenye barua ya daktari na muuguzi pembeni yake angevuka pia, kama hospitali za pande mbili zingekuwa na makubaliano yaliyoandikwa kabla ya ajali: nani anapigiwa simu, nani anampokea, nani analipa. Makubaliano hayo hayabadilishi mpaka wala hayatambui serikali ya yeyote. Yanatambua damu.

"Kuna malaria na kipindupindu kwanza"

Maficho ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu yanasemwa na watu wema. Wanasema: Goma ina kipindupindu, ina malaria, ina watoto wenye njaa, kuzungumzia mishipa ya kifua ni anasa.

Hoja hiyo ingekuwa ya kweli kama mtu angedai mashine za kisasa kabla ya maji safi. Lakini tazama orodha tena: damu salama iliyo tayari, oksijeni, gari la wagonjwa linalofika, picha inayopigwa usiku, dawa ya kugandisha damu, muuguzi anayejua kushuku, na mlango usiodai pesa kwanza. Orodha hiyo hiyo ndiyo inayomwokoa mama anayemwaga damu baada ya kujifungua. Hata ile asidi ya traneksamiki imeonyeshwa, katika utafiti wa mwaka 2017, kupunguza vifo vya wanawake wanaotokwa damu baada ya kuzaa. Mnyororo ni mmoja. Aliyepigwa kifua ni kipimo chake tu: hospitali inayoweza kumweka hai hadi asubuhi itaweza kuwaweka hai wengine wengi.

Tena ajali si jambo dogo. OMS inahesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, na Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya zaidi kwa idadi ya watu wake. Ni vifo vya vijana hasa, wenye kulisha nyumba. Katika mji ambao moto ndiyo basi, na Fuso ndiyo treni, kusema ajali ni anasa ni kutotazama dirishani.

Madai

Hospitali na wenye mamlaka wa afya mjini watangaze kanuni moja: aliyepigwa kifua katika ajali haulizwi pesa kwa saa 24 za kwanza. Apimwe, apigwe picha, apewe damu kama inahitajika, alazwe chini ya uangalizi. Hesabu ifanywe baadaye, na isimfunge kitandani.

Mashirika yanayolipia majeruhi wa silaha yapanue mlango kwa aliyeumia akikimbia au akirudi. Kama mfadhili anakataa, aseme wazi kwa maandishi, ili Goma ijue ni nani anayetofautisha kifua na kifua.

Kituo cha mkoa cha kuongeza damu kisaidiwe kuwa na akiba ya kudumu, na makanisa, misikiti na shule vipange siku za kutoa damu kama wanavyopanga michango ya arusi. Damu iliyotafutwa baada ya ajali imechelewa.

Wenye magari waache kupakia watu juu ya mizigo, na abiria wa mbele wafunge mkanda. OMS inasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa ya walio ndani ya gari kwa karibu nusu. Polisi wa barabara wanaosimamisha lori ili kuchukua franka elfu chache na kuliacha liendelee na watu 30 juu yake, hao wanashiriki katika hesabu ya kwanza.

Na familia, mjini au zilizotawanyika baada ya kambi, zijue haya machache. Aliyepigwa kifua asikandwe, asifungwe bendeji ya kubana mbavu, asinyooshwe na mganga wa kienyeji. Apelekwe akiwa ametulia, na aliyeona ajali aende naye aeleze ilivyokuwa, kwa sababu maelezo hayo yanamsaidia daktari kuliko michubuko. Familia iombe presha ipimwe mikono yote miwili na picha ya kifua ipigwe. Ikiambiwa "anaongea, mrudisheni," iulize mara ya pili, na mara ya tatu. Kuuliza si kukosa heshima.

Siku familia za Goma zitakapouliza maswali hayo hospitalini, hazitamtafuta tena jirani wa kulaumiwa kwenye kilio. Na wale wanaopaswa kujibu hawatakuwa tena na mapenzi ya Mungu pa kujifichia.